Damu yangu safi, ya kaka imechafuka: mbona dawa napewa mimi?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, ni mwalimu hapa Tanga. Nina kilo 54, na tangu niolewe sijazidi hapo. Nakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu kumezuka ubishi, na mimi na kaka yangu sasa tunasalimiana kwa kununa.

Kaka ana miaka 44, ana duka la vifaa vya ujenzi, na kitambi chake kinamtangulia kuingia mlangoni. Mwezi uliopita aliambiwa apime mafuta kwenye damu kwa kuwa sukari yake haitulii. Nilimsindikiza, na kwa vile na mimi nilikuwa sijanywa chai asubuhi ile, nikasema basi tupime wote. Kijana wa maabara tunafahamiana naye. Alipomaliza kuzungusha damu kwenye mashine alituonyesha vichupa vyetu. Cha kwangu, yale maji yanayobaki juu yalikuwa angavu, rangi ya mafuta ya alizeti. Ya kaka yalikuwa na ukungu, kama maji uliyooshea mchele. Tulicheka sana. Nikamwambia, "Hayo ndiyo maandazi yako."

Majibu yalipotoka kicheko kikaisha. Mimi: kolesteroli yote 8.1, LDL 6.2, HDL 1.4, trigliseridi 1.1. Kaka: kolesteroli yote 5.3, LDL 2.8, HDL 0.8, trigliseridi 3.7. LDL yangu imepigwa alama nyekundu, ya kaka imeandikwa ya kawaida. Daktari ametuandikia sote vidonge vya namna moja, akasema huenda ni vya maisha. Kaka hamezi, anasema LDL yake nzuri na mgonjwa ni mimi. Na mimi simezi. Nitamezaje, wakati damu yangu niliiona kwa macho yangu kuwa ni safi?

Shangazi yetu, dada wa marehemu baba, anatuchemshia kitunguu saumu, ndimu na tangawizi kila jioni. Anasema kwetu hakujawahi kuwa na ugonjwa wa matajiri. Ni kweli baba hakuwa mnene. Alianguka akitoka kuswali alfajiri, akafariki hapohapo, akiwa na miaka 46. Watu walisema mengi, wengine wakataja majina. Shangazi mwenyewe ana miaka 61 na anafanya kazi kutuzidi, ukiacha vile vinundu vigumu kwenye fundo za vidole vyake ambavyo anasema ni vya kufua nguo miaka yote.

Natamani mtoto wa tatu, na vidonge hivi navihofia. Kati yangu na kaka, nani ana damu mbaya?

Samahani kwa kukuchosha. Leo nimepata muda wa kukaa na kuandika kwa sababu viatu vya kazini vinanibana nyuma ya kisigino. Kano imenenepa siku nyingi, miguu yote miwili, ila haiumi.

Mwenye Damu Safi, Tanga

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonirudisha mwanzo ni hayo maneno ya mwisho kuhusu viatu. Nitayafikia.

Ubishi wenu kwanza. Nyote wawili mna tatizo, lakini si tatizo moja, na kile kichupa ndicho kilichowapoteza.

Supu ikipoa, mafuta yanaelea juu. Damu ni maji, na mafuta yakiachwa ndani yake yangefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana ini na utumbo huyapakia kwenye vyombo vidogo sana, ndani mafuta, nje ganda linalokubaliana na maji. Wataalamu huviita lipoprotini. Wewe mtu wa bandari, nami nitaviita vyombo tu. Ini huanza kwa kutuma vyombo vikubwa, VLDL, vimesheheni trigliseridi, yaani mafuta ya kuchoma kwenye misuli au ya kuweka akiba kitambini. Njiani vinashusha mzigo, vinasinyaa, na mwisho wa safari kinabaki chombo kidogo ambacho mzigo wake mkubwa ni kolesteroli, ile ambayo vitabu vyetu huiita lehemu. Hicho ndicho LDL.

Sasa angalia ukubwa wake. LDL moja ina upana wa nanomita kama 20. Ukizipanga 50,000 mstari mmoja, zinafika milimita moja. Kitu kidogo kiasi hicho hakizuii mwanga, hata kikiwa tele. VLDL ni kubwa kwake mara mbili, mara tatu, nyingine zaidi, na hizo ndizo zinazotawanya mwanga ukaona maji ya mchele. Kwa hiyo kijana wa maabara aliwaonyesha trigliseridi za kaka yako, basi. Kolesteroli yako haikuwa na namna ya kuonekana pale. Nimewahi kushika vichupa vya watu wenye LDL kubwa kuliko yako, na unaweza kusomea gazeti kupitia humo.

Tuje kwako.

Unakumbuka meli za Tanga zilivyokuwa zikitia nanga mbali, mizigo ikiletwa nchi kavu kwa matishari, kabla gati halijaongezwa kina? Chukua picha hiyo. LDL ikishamaliza kazi inatakiwa irudi kwenye ini, na ini lina magati yake ya kuipokea, protini zilizokaa juu ya seli, vipokezi vya LDL. Chombo kinafunga gatini, kinavutwa ndani, kinavunjwa. Kwa mtu wa kawaida LDL huzunguka kwenye damu siku mbili hadi tatu tu kabla ya kupokelewa. Lakini wapo watu waliozaliwa na nusu ya magati, kwa sababu nakala moja ya jeni, ya baba au ya mama, ina hitilafu. Kwao chombo kinakaa nangani karibu mara mbili ya muda huo. Chombo chenyewe hakina kasoro kubwa. Kimekosa pa kufunga. Vinavyoondoka ni vichache kuliko vinavyoingia, foleni inarefuka, na vile vinavyozurura muda mrefu vinapenya kwenye kuta za mishipa na kubaki humo, mwaka baada ya mwaka, tangu mtu akiwa tumboni mwa mama yake.

Haya yaligunduliwa miaka ya 1970 huko Dallas, Texas, na Michael Brown na Joseph Goldstein. Walichunguza seli za ngozi za watoto waliorithi hitilafu kwa wazazi wote wawili, watoto ambao hupata mshtuko wa moyo kabla hata ya kumaliza shule. Wakaziwekea LDL, seli hazikuipokea. Mwaka 1985 walipewa tuzo ya Nobel. Aina yenye hitilafu upande mmoja si adimu hata kidogo, ni mtu mmoja katika kila 250 hivi. Kwa hesabu hiyo, shule kubwa ya msingi ina watoto kadhaa, na hakuna anayewajua.

Mwanangu, LDL ya 4.9 na kuendelea kwa mtu mzima inatosha kumfanya daktari aulize habari za ukoo. Wewe una 6.2. Baba yako alianguka akiwa na miaka 46. Na hiyo kano nyuma ya kisigino si kiatu. Kiatu kikibana kinachubua, kinatoa lengelenge, kinauma. Kano iliyonenepa pande zote mbili bila maumivu, kwa mtu mwenye LDL kama yako, mara nyingi ni kolesteroli iliyotuama ndani ya kano. Keti kitandani, kunja mguu, ishike kano kwa kidole gumba na cha shahada, kisha mshike hivyohivyo mwenzako mwenye umbo kama lako. Ya mwenzako utaikuta nyembamba na kingo zake unazihisi wazi. Yako, nadhani, ni nene na ina mabonge. Vinundu vya fundo za vidole vya shangazi nina wasiwasi navyo vilevile. Wanawake wengi wamefua nguo miaka 40 na fundo zao ni laini.

Siwezi kukutibu kwa barua. Daktari wako atataka kupima tezi ya shingo, figo na ini, kwa sababu tezi ikilegea nayo hupandisha LDL. Atarudia kipimo chenyewe pia. Lakini ingekuwa uko mbele yangu, ningeandika kwenye faili: kolesteroli ya kurithi, inawezekana sana. Na wale waliotaja majina ya watu msibani wangenyamaza.

Kaka yako naye asianze kushangilia.

Kwake magati yapo. Tatizo liko kule vyombo vinakotokea. Sukari isiyotulia, kitambi, chai ya vijiko vinne na soda ya mchana vimelijaza ini mafuta, nalo linayasukuma nje kwa VLDL kubwakubwa. Zikishakuwa nyingi kwenye damu, biashara inaanza. Ipo protini inayofanya udalali kati ya vyombo: inachukua trigliseridi kutoka VLDL inawapa LDL na HDL (vile vyombo vidogo vingine, ambavyo watu huviita kolesteroli nzuri), na kutoka kwao inachukua kolesteroli. LDL iliyopokea trigliseridi inapita kwenye ini, kimeng'enya kinazinyofoa, na kinachobaki ni LDL ndogo, iliyobanana, yenye kolesteroli kidogo ndani. HDL inapitia hayohayo, inasinyaa, inaondolewa haraka kwenye damu. Hiyo ndiyo 0.8 yake. Trigliseridi juu, HDL chini, LDL "ya kawaida": tatu hizi hutembea pamoja kama mafiga, na ukiziona kwenye karatasi moja unajua LDL ya mtu huyo ni za aina ndogo.

Na hapa ndipo karatasi inapowadanganya watu kila siku. LDL iliyoandikwa 2.8 ni kipimo cha mzigo, yaani kolesteroli iliyomo ndani ya vyombo vyote ukiijumlisha. Idadi ya vyombo haisemi. Mzigo uleule unaweza kuja kwa majahazi kumi au kwa mashua ishirini. Kinachoharibu kuta za mishipa kwanza kabisa ni idadi: kila chombo ni nafasi moja zaidi ya kupenya ukutani. Tena hizi ndogo hufunga gatini kwa shida, hivyo nazo hukawia baharini. Kaka yako ana mashua nyingi zenye mzigo kiduchu, na mizani imempa alama ya vizuri.

Je, idadi inapimika? Inapimika. Kila LDL, kila VLDL, ina nahodha mmoja, protini iitwayo apo-B. Mmoja tu, hawazidi. Ukihesabu manahodha umehesabu vyombo. Kama hospitali kubwa iliyo karibu nanyi ina kipimo cha apo-B, kaka apime. Kama haina, ipo hesabu ya bure kabisa: chukua kolesteroli yote, toa HDL. Yake ni 5.3 kutoa 0.8, inabaki 4.5. Hiyo ndiyo kolesteroli yote iliyomo kwenye vyombo vyenye nahodha huyo mbaya. Kwa mtu mwenye kisukari aliye kwenye hatari kubwa, miongozo ya Ulaya inataka isizidi 2.6, na LDL yenyewe iwe chini ya 1.8. Neno "kawaida" kwenye karatasi liliandikwa kwa ajili ya mtu asiye na sukari. Kompyuta ya maabara haimjui kaka yako.

Ya kwako kwa hesabu hiyohiyo ni 6.7.

Jambo la pembeni, lakini linatuhusu sisi Waafrika. Ipo aina nyingine ya LDL iliyofungwa mkia wa ziada wa protini, Lp(a), iliyogunduliwa na Kåre Berg wa Norwei mwaka 1963. Kiwango chake ni cha kurithi, chakula hakikigusi, na watu wenye asili ya Afrika kwa wastani wanayo zaidi. Hupimwa mara moja, inatosha kwa maisha. Ukipata pa kuipima, ipime. Usipopata, usikose usingizi kwa hilo.

Sasa vidonge. Vinaitwa statini, na asili yake ni ukungu: Akira Endo wa Japani aliipata ya kwanza mwaka 1973 kutoka kwenye kuvu aliyetoka katika mchele wa duka la nafaka mjini Kyoto. Mwambie hivyo shangazi, huenda ataiheshimu. Statini hulizuia ini lisijitengenezee kolesteroli nyingi. Ini likiona stoo imepungua, linaongeza magati ili livute LDL kutoka kwenye damu. Kwako wewe mwenye nusu ya magati, hicho ndicho unachohitaji. Kwa kaka, inapunguza idadi ya mashua. Ndiyo maana mliandikiwa dawa moja kwa shida mbili tofauti, na daktari wenu hakukosea. Kosa lake ni moja tu, hakukaa nanyi dakika kumi akaeleza. Ila najua foleni zinavyokuwa.

Wapo wanaoumwa misuli wakianza dawa. Ukiona hivyo rudi useme, kiwango kitapunguzwa au utabadilishiwa. Usiitupe kimyakimya. Na wale wanaoniandikia kwamba kushusha LDL sana kunadhuru, nawajibu kwa habari hii: ipo protini nyingine, PCSK9, ambayo kazi yake ni kubomoa magati. Mwaka 2006 watafiti walitoa habari za Wamarekani weusi, karibu 2.6 kati ya kila 100, waliozaliwa na PCSK9 mbovu, hivyo magati yao ni mengi na LDL yao ni ya chini maisha yote. Katika miaka 15 ya kuwafuatilia, ugonjwa wa mishipa ya moyo kwao ulikuwa pungufu kwa asilimia 88. Baadaye akapatikana mwanamke wa Zimbabwe, mzima wa afya, aliyerithi hitilafu hiyo pande zote mbili. LDL yake ni 0.4.

Kuhusu mtoto wa tatu. Hofu yako ina msingi. Statini kwa kawaida husimamishwa kabla ya kutafuta mimba, na hazinywewi mama akinyonyesha. Lakini usigeuze hiyo kuwa sababu ya kutoanza. Mwambie daktari wazi kwamba unataka mtoto na lini. Mnaweza kukubaliana uanze sasa huku ukitumia uzazi wa mpango, upimwe moyo, LDL ishuke, kisha msimamishe dawa mkiwa mmepanga, urudi nayo ukiachisha ziwa. Mimba yenyewe hupandisha kolesteroli, kwa hiyo ni bora kuianza ukiwa umeshapumzisha mishipa yako kidogo.

Chakula nakiweka nyuma makusudi, maana kwa kolesteroli ya kurithi hakiwezi kukutosha peke yake, na umeshajionea: kilo 54 na bado 6.2. Punguza samli, siagi na ngozi ya kuku, kwa sababu mafuta ya kuganda hupunguza hayo magati machache uliyonayo. Nazi, najua naandikia Tanga, sithubutu kuikataza. Tui kwenye mchicha mara moja moja, sawa. Kukaangia kila kitu mafuta ya nazi ukidhani ni dawa, hapana, yanapandisha LDL. Kaka yako ndiye ambaye sahani itamsaidia sana. Soda ziishe, sukari kwenye chai ishuke, ugali upungue nusu na nafasi yake ichukuliwe na maharage, mboga na samaki, atembee kwenda dukani. Trigliseridi hutii haraka, ndani ya wiki chache ile 3.7 inaweza kuwa imeanza kushuka. Zikiachwa zikapita 10, ni kongosho litakalowaka, na maumivu yake hakuna anayeyasahau.

Watoto wako wawili, kama nadhani sawa, kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Wakishafika miaka mitano hivi wanaweza kupimwa. Atakayeonekana anayo atapangiwa lishe, na dawa huanza kufikiriwa kati ya miaka 8 na 10, chini ya daktari wa watoto. Usimpime mmoja ukamwacha mwingine kwa kuwa anafanana na upande wa baba yake.

Kitunguu saumu cha shangazi hakina ubaya ndani ya mchuzi, lakini hakijengi gati. Siku utakayorudi kliniki nenda naye. Mwambie avue pete, aweke mikono yote miwili juu ya meza ya daktari, viganja vikitazama chini, kisha mwache daktari aangalie hizo fundo kabla shangazi hajaanza hadithi ya kufua.